Kuku wa Mama Mkwe na Sindano ya Gunia

Mimi ni mtu wa darasa la nne. Nasema mapema ili asije mtu akadhani nina kitu ninachoficha. Darasa la nne, na hata hilo sikulimaliza, kwa sababu mwaka ule baba alitaka mtu wa kuchunga ng'ombe, nami nilikuwa na miguu. Lakini uliza Shirere nyumba ya kwanza ya matofali ya kuchoma upande wa chini wa barabara, utaletwa kwangu. Uliza poshomili ambayo mama anapeleka mahindi yake na kurudi na unga wake, si wa jirani, utaletwa kwangu pia. Nilianza na injini kuukuu ya dizeli ambayo mwenyewe alikuwa ameitupa nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake. Niliifungua yote, nikaipanga vipande vipande juu ya turubai, nikaifunga tena. Ikawaka. Hakuna aliyenifundisha. Nilisikiliza tu.

Naeleza hayo ili ujue kwamba katikati ya miaka ya tisini, kuku alipougua uani kwangu, sikuwa mtu wa kubabaika. Nilikuwa mtu wa miaka thelathini na kidogo, nina nyumba, nina injini, nina mke na watoto wawili shuleni. Kuku ni nini?

Kuku mwenyewe alikuwa tetea mweusi mwenye madoadoa meupe shingoni, kama aliyenyunyiziwa unga. Hakuwa wangu. Alikuwa wa mke wangu. Mwaka uliotangulia tulimzika mtoto wetu wa tatu, msichana, wa wiki tano. Baada ya matanga mke wangu alilala. Simaanishi usingizi. Alilala akageukia ukuta, asubuhi akiwa hapo, mchana akiwa hapo, na ukimwita anaitika vizuri kabisa, kisha haamki. Nilinunua soda. Nililetewa maombi ya kanisani. Niliongea, na mimi kwa kuongea najulikana. Hakuna kilichosogea.

Siku moja mama yake akaja kutoka Likuyani na kikapu. Akamtoa kuku, akamfungua kamba ya miguu mlangoni pa jikoni, akapaza sauti mpaka binti yake akasikia kule ndani: "Huyu hajui msiba. Anataka maji." Akaondoka zake. Mimi nilikuwa nyuma ya choo nikimpisha, nitaeleza kwa nini. Kesho yake mke wangu aliamka kumpa kuku maji.

Basi. Tangu siku hiyo aliamka kila asubuhi. Mimi na nyumba yangu na injini yangu tulishindwa, kuku wa kikapu akaweza. Sikulielewa jambo hilo wakati ule na sijalielewa hata leo, lakini nilijua thamani yake. Kwa hiyo Jumatatu ile, mke wangu aliponifuata poshomili mwenyewe, akiwa na unga wa kukanda mikononi, nilizima injini.

"Baba watoto, kuku ni mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"Ningejua ningekuja kwako? Yeye anaamkanga kabla yangu. Leo nimemkuta amesimama tu pembeni, macho amefumba."

Nilichokiogopa si kuku kufa, ndugu yangu. Kuku hufa. Nilichokiogopa ni asubuhi itakayofuata, na ule ukuta wa chumbani.

Nikaenda kumtazama. Alikuwa amejikunyata karibu na pipa la maji, manyoya yamesimama, shingo anainyoosha kisha anaikunja kama mtu anayemeza dawa chungu. Mdomo wazi, ute unadondoka. Nikamshika, nikaweka sikio kifuani. Nikasikia kitu kinakwaruza. Nikatikisa kichwa kama fundi.

"Kideri," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema kwa sauti kubwa. Labda kwa sababu mwalimu alikuwa upande wa pili wa michongoma, amesimama na gazeti lake. Huyu mwalimu ni jirani yangu, mtu wa diploma, aliyekuwa amestaafu mwaka huo na hana la kufanya ila kusahihisha Kiswahili changu. Nilipenda sana kujua kitu kabla yake.

"Una uhakika, bwana?" akauliza.

"Mwalimu, mimi husikia maji ndani ya mafuta injini ikiwa bado nje ya lango. Nitashindwa na kuku?"

"Kideri hakichezewi."

"Ndiyo nakwambia."

Sasa, anayefuga kuku kwetu anajua neno hilo lina kazi gani. Kideri kikiingia boma moja, wiki haiishi kabla hakijamaliza ujirani mzima, na hakisikii dawa. Kuku uliyemchinja leo ni kitoweo. Kuku uliyemngoja mpaka kesho ni shimo la kuchimba. Kwa hiyo hakuna anayengoja. Mwalimu alikunja gazeti, akaingia ndani, na kabla sijanawa mikono nikasikia kuku wake wa kwanza akipiga kelele. Mtu wa diploma alikuwa ameamini neno la mtu wa darasa la nne. Nakiri nilifurahi.

Kufikia saa kumi jioni, kuanzia kwangu mpaka kule chini kijitoni kila boma lilikuwa linafuka moshi, na harufu ya manyoya ya kuku yaliyochovywa maji moto imeenea kama ya Krismasi. Mimi mwenyewe nilichinja jogoo wangu na matetea wawili, maana ningetangaza kideri kisha niwaache wangu wakitembea, watu wangeniambiaje? Mwalimu akanitumia sahani iliyofunikwa. Ndani mna imondo nne, yaani firigisi, kipande cha mwenye nyumba ambacho kwetu hata mgeni hapewi hivi hivi. Zilikuwa asante za utabibu wangu. Nilizila zote na obusuma, ugali wetu, nikajipangusa mdomo.

Mke wangu hakula. Alikuwa amemfunika kuku wake kwa kikapu jikoni, akaketi kando.

"Huyo naye angechinjwa," nikasema polepole.

"Kisu nimekificha."

"Mama watoto, ni kideri."

"Basi mtibu. Si wewe ndiye umejua ugonjwa?"

Hapo ndipo kuchanganyikiwa kwangu kulipoanza, na kuliendelea siku nne.

Jumanne nilimnywesha maji ya pilipili. Akapiga chafya, akanitazama kwa jicho moja, akafumba tena. Jumatano nikasaga shubiri, nikachanganya na majivu ya jikoni, nikamtia kooni kwa kijiko. Akazidi kunyoosha shingo. Alhamisi nikaongeza kipimo, kwa maana injini ikikataa kidogo huongezewa. Akaanza kunuka mdomoni, harufu kama ya pombe ya busaa iliyosahaulika. Na hapa kifuani, chini ya shingo, pale kwenye gole, kile kifuko kuku anachohifadhia chakula kabla hakijashuka tumboni, palikuwa pamefura. Nilipabonyeza. Palikuwa pagumu, halafu panabonyea kama unga uliokandwa.

"Unaona?" nikamwambia mke wangu. "Amepata nafuu. Ameshiba."

Akanitazama.

"Hajala tangu Jumapili. Ameshiba nini?"

Nilikwenda nje nikazunguka nyumba. Kitu kisichoingiza chakula kimejaa chakula. Na kideri gani hiki, kinachomkalia kuku mmoja siku nne bila kumuua? Mimi nilikuwa nimeambiwa siku mbili, tatu, kuku amekwisha, shingo imepinda. Huyu shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya askari. Nilirudi, nikasikiliza kifua tena. Kinakwaruza. Nikajaribu kufikiri na akili haikushika, inazunguka bure kama mkanda uliolegea.

Mwalimu naye alikuwa ameanza kuchungulia juu ya michongoma kila baada ya saa moja.

"Daktari, mgonjwa amefariki?"

"Bado."

"Ajabu. Wangu wote sita wameshafariki. Nimewala."

Mke wangu hakuwa amekaa bure. Siku ya Jumanne lori la kuniletea mahindi lilipokuwa linarudi Likuyani, alimpa dereva ujumbe kwa mama yake. Mimi sikuambiwa. Ijumaa lori lilipoingia na magunia, nikiwa nimesimama mlangoni pa poshomili na kalamu sikioni, nani anashuka upande wa abiria? Mama mkwe. Nikageuka upesi nikaingia nyuma ya injini.

Usinicheke. Kwetu mama mkwe ni mtu wa kuonewa haya, naye anakuonea haya hivyo hivyo. Hampeani mikono. Hamketi chumba kimoja. Hawezi kulala kwako, hata mvua ikinyesha mawe. Mkiwa na neno, linapita kwa mtu wa tatu. Ni heshima, na mimi kwa heshima sina mchezo. Lakini mama mkwe huyo ndiye Likuyani nzima humpelekea kuku wagonjwa, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika kuku. Sasa fikiria hiyo shughuli.

Tulipangwa hivi. Mimi niliketi uani juu ya kigoda, meza ndogo mbele yangu. Mama mkwe aliketi ndani ya jiko la nje, nyuma ya ukuta wa udongo wenye mwanya chini ya paa. Mke wangu alisimama mlangoni pa jiko, katikati yetu. Kutoka kwangu hadi kwa mama mkwe hapakuzidi hatua nne. Kila neno nililisikia.

"Mwambie ambonyeze gole," ikasema sauti ukutani.

"Amesema umbonyeze gole."

"Nimebonyeza tangu jana. Ni gumu."

"Anasema ni gumu."

"Muulize alimpa nini."

"Pilipili," nikasema mwenyewe, kisha nikakumbuka. "Mwambie pilipili. Na majivu. Na shubiri."

Ukuta ukaguna.

"Muulize alikuwa anampikia kuku mchuzi?"

Mke wangu hakulitafsiri hilo. Aliinama akaficha uso kwenye leso, na niliona mabega yake yakitikisika, sikujua anacheka au analia. Halafu sauti ikaja tena, pole zaidi.

"Mwambie hivi. Injini yake ikijaa mafuta na haiwaki, yeye hutazama wapi?"

Nikasimama. Nakwambia kweli nilisimama na kuku mkononi. Mrija! Mrija umeziba! Mafuta yapo, hayapiti. Kitu hata wale wanaoninunulia dizeli wanakijua. Siku nne nilikuwa nikimwaga mafuta juu ya mafuta, na mrija umeziba.

"Mwambie si kideri," nikasema, na nikaona mwalimu ameshafika michongomani.

"Anajua," akasema mke wangu. "Alijua tangu ujumbe wa lori."

Mama mkwe akasema gole limechelewa kukandwa kwa mafuta ya kupikia, lazima lifunguliwe. Yeye mikono yake siku hizo ilikuwa inatetemeka, hawezi kushika wembe. Mkononi kwa nani basi? Nikachemsha maji ya chumvi. Nikatoa wembe mpya kwenye karatasi yake. Nikaleta na sindano yangu, ile ya kushonea magunia, ndefu kama kidole cha shahada na iliyopinda ncha, maana mimi kwa siku nashona magunia hamsini bila kutazama.

"Mwambie aweke hiyo sindano ya gunia chini," ukasema ukuta, "kabla sijarudi Likuyani kwa miguu."

Mke wangu akaniletea sindano ya kushonea nguo na uzi mweupe. Akamshika kuku, mbawa mkono mmoja, miguu mkono mwingine, akamlaza. Nikanyonyoa manyoya pale kifuani, nikaosha. Nikakata ngozi, urefu wa kucha ya kidole gumba. Damu ilikuwa kidogo sana. Chini yake gole lenyewe, utando mwembamba kama mfuko wa nailoni. Nikakata na huo.

Ile harufu sitaieleza. Nikaingiza kidole na kijiti, nikavuta. Yakatoka majani, yakatoka majivu yangu, ikatoka pilipili yangu. Halafu kijiti kikashika kitu. Nikavuta pole, kikaja, kikaendelea kuja, kirefu, kimesokotwa na nyasi kama kamba ya mtu mlevi. Nilikijua kabla hakijaisha. Nyuzi za katani. Nyuzi za magunia. Zile ninazokata mlangoni pa poshomili nikifunga gunia, na kuziacha hapo hapo chini, ambapo kuku huja kuokota mahindi yaliyomwagika.

Mke wangu aliziona. Mimi nilimwona akiziona.

Nikasafisha ndani kwa maji ya chumvi mpaka yakatoka meupe. Mikono yangu sasa ilikuwa inaharakisha, nataka niufunge ule mdomo uliofunguliwa, nataka yaishe. Nikaunganisha ngozi na utando pamoja, kama unavyokunja midomo miwili ya gunia, nikachoma sindano. Ukutani mama mkwe akasema kitu, nami kwa haraka sikukishika. Mke wangu alitakiwa anifikishie. Nikamtazama. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, midomo inacheza, sauti haitoki. Nikachoma mara ya pili.

"Si pamoja!"

Haikuwa sauti ya mke wangu, na haikuwa ukutani. Mama mkwe alikuwa amesimama begani kwangu. Alikuwa ametoka jikoni mbio, kilemba kimelegea, na kabla sijaelewa alinishika mkono, huu wa kulia, hapa kwenye kifundo.

"Si pamoja, mwanangu! Hilo si gunia! Shona la ndani peke yake, kisha ngozi peke yake. Ukizishikanisha halitatembea tena. Fumua."

Nikafumua. Alisimama hapo hapo. Nikashona la ndani, mishono midogo, yeye akihesabu kwa pumzi. Nikashona ngozi. Nikakata uzi. Kuku alifungua jicho, akatutazama wote watatu, nadhani naye alishangaa.

Ndipo tukakumbuka sisi ni nani. Aliachia mkono wangu kana kwamba umemchoma, akajifunika uso kwa leso, akarudi jikoni kinyumenyume. Mimi nikageukia michongoma. Huko nikakutana na mwalimu, macho kwa macho.

"Kwa hiyo si kideri," akasema.

"Si kideri."

"Nirudishie firigisi zangu, bwana."

Sasa kosa kama lile kwetu hufutwa kwa kuku. Aliyeshikana mkono na mkwewe hutoa kuku, haya inarudi mahali pake, mnaendelea. Nikasema vyema, nitatoa kuku hata wawili, mimi si mtu wa kushindwa na kuku. Nikatazama uani kwangu. Nikatazama kwa mwalimu. Nikatazama mpaka kijitoni. Hakuna hata kifaranga. Wote tulikuwa tumewala, kwa neno langu. Kuku aliyekuwa hai katika upande wetu wote wa Shirere alikuwa mmoja, naye alikuwa kwenye kikapu na mishono kifuani.

Neno likapelekwa jikoni, likarudi.

"Mama anasema kuku wake basi ni huyo huyo," mke wangu akaniambia.

"Anamrudisha Likuyani?"

"Anasema amempokea. Lakini atamwacha hapa, tumtunzie."

Nilijaribu kulifikiria jambo hilo. Kuku ni wake, akampa binti yake, mimi karibu nimuue, nikamponya, nikampa yeye aliyemleta, naye akamwacha alipokuwa. Nani amelipa nini? Nilikwenda poshomili nikachukua ufagio, nikafagia mlango mzima, nikajaza debe la nyuzi. Nilikuwa sijawahi kufagia hapo. Nilidhani pako safi.

Mama mkwe alilala kwa mwalimu, kwa vile kwangu hawezi. Nasikia walimpikia mabaki ya kuku waliyemkausha kwa moshi.

Asubuhi niliamka, nikanyoosha mkono, upande wa mke wangu uko wazi. Blanketi limekunjwa. Nikalala hapo nikisikiliza, kama ninavyosikiliza injini. Mwanzo sikusikia kitu. Kisha nikasikia maji yanamiminwa kwenye bati, na mke wangu anaita, "Kuu-kuu-kuu-kuu," na kimya, na tena, na mdomo wa kuku ukigonga bati. Mara moja. Mara ya pili.

"Mama, anakunywa," akasema.

"Si nilikwambia anataka maji? Hebu nione mshono. Ee, bwana huyu! Ukimtia mahindi huyu kuku kama gunia, yuko tayari kwa soko."

Wakacheka wote wawili. Kicheko cha mke wangu nilikuwa sijakisikia tangu matanga, na mwanzo sikukijua, nikadhani ni mgeni.

Nilitaka kutoka nione. Lakini mama mkwe alikuwa uani, katikati ya mlango wangu na choo changu, na jana tulikuwa tumekoseana haya vya kutosha. Kwa hiyo mimi, mwenye nyumba ya matofali, niliketi kitandani nimevaa suruali, nimebana mkojo, nikingoja wanawake wawili wamalize na kuku. Hawakuwa na haraka.